Msamaha na Majivu

Msafiri atokaye Iringa katika miezi ya kiangazi, akafika Makambako, pale njia kuu ya kwendea Mbeya na Zambia inapoiachia mkono wa kushoto barabara ya Njombe na Songea, aghalabu huona moshi umesimama juu ya vilima. Naye mwenyeji hana haja ya kumfasiria, maana huo ndio msimu wa wakulima kusafisha mashamba yao kwa moto kabla ya mvua kunyesha. Moshi huo nitautumia kuwa mlango wa sura hii, kwa kuwa swali tulilo nalo, yaani kwa nini mtu aliyekwisha kusamehewa na Mungu bado huvuna alichopanda, laeleweka vyema zaidi mbele ya shamba lililoungua.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja, ambaye hatumpi jina kwa sababu mfano wake ni wa wengi, aliyewasha moto shambani pake mwezi wa Septemba pasipo kufyeka vizuri mpaka wake, upepo ukaudaka moto ule na kuutupa katika mipaina ya mjane jirani, miti ya miaka minane iliyotegemewa kuwa karo ya wajukuu. Jioni yule kijana akenda kwa mjane pamoja na mzee wa kanisa, akapiga magoti mlangoni, akasema, “Shikamoo, mama. Moto ule ni wangu. Nimekukosea.” Mama akanyamaza kitambo, kisha akajibu, “Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe. Inuka, uketi.” Wakala pamoja usiku ule. Hata kulipokucha, mipaina ingali imesimama myeusi kama makaa, na karo ya wajukuu haijulikani itatoka wapi.

Je, msamaha ule ulikuwa wa uongo? Hasha. Dhambi huzaa vitu viwili, navyo havina budi kutofautishwa: kwanza hatia, ambayo ni uadui ulioingia baina ya mkosaji na Mungu, na baina yake na aliyemkosea, na pili matokeo, ambayo ni madhara yaliyokwisha kutoka mkononi mwa mkosaji na kuingia katika miili, mali na nyoyo za watu. Hatia huondolewa kwa neno moja, kwa kuwa yahusu upendo, na mwenye upendo aweza kuurudisha mara moja. Bali matokeo yamekwisha kuwa sehemu ya dunia hii, na aghalabu huhitaji muda na jasho la watu. Ndiyo maana katika Kitabu cha pili cha Samweli nabii Nathani anamwambia Mfalme Daudi, papo hapo alipokiri kosa lake juu ya Bathsheba na Uria, ya kuwa dhambi yake imeondolewa, na katika maneno yayo hayo anamwarifu msiba utakaoipata nyumba yake.

Juu ya asili ya msamaha huu Wakristo wa Njombe, ambao wengi ni Walutheri na Wakatoliki wakaao mtaa mmoja na kuzikana, wamerithi mabishano ya Ulaya yaliyoanza na Martin Luther mwaka 1517. Mlutheri hufundishwa ya kuwa mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, wala hapana tendo linaloweza kuinunua. Mkatoliki hufundishwa kuungama mbele ya padri, kisha kutimiza malipizi, yaani tendo dogo la kuanza kutengeneza kilichoharibika. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, wawakilishi wa pande zote mbili walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri ya kwamba ni kwa neema pekee Mungu humpokea mwanadamu, na ya kwamba neema hiyo humwandaa na kumwita atende mema. Mpangilio huo ndio kiini cha mambo: kupokewa hutangulia, kazi hufuata.

Jambo hilo laonekana pia katika desturi ya kurudi kundini, ambapo Mlutheri aliyetengwa kwa kosa la wazi husimama mbele ya usharika siku ya Jumapili, akatubu, akapokewa tena katika Meza ya Bwana. Asiyeielewa huidhania kuwa ni adhabu ya aibu. Na kwa kweli hugeuka kuwa hivyo kila mara washarika wanapoendelea kunong’ona baada ya ibada kwisha. Lakini maana yake ya asili ni kwamba jamaa nzima inashuhudia hatia imefutwa, ili asiwepo wa kuitaja tena.

Hapa sharti nitoe onyo. Kusema ya kwamba dhambi ina matokeo si kusema ya kwamba kila taabu ni tokeo la dhambi ya mwenye kutaabika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha ya kuwa katika Mkoa wa Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima waishi na virusi vya UKIMWI, ilhali wastani wa taifa ni 4.4. Mwenye kusimama mimbarani akaliita jambo hilo ghadhabu ya Mungu, mbele ya mke aliyekuwa mwaminifu na mtoto aliyezaliwa navyo, amemsingizia Mungu. Yesu mwenyewe, alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alilikataa swali, akamponya mtu.

Na yako matokeo ambayo ukubwa wake wapita aushi ya mtu mmoja. Mwezi wa Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, wapiganaji wa Mbeyela, mtawala wa Wabena, waliishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikajibu katika nchi yote ya kusini kwa kuchoma vijiji na maghala, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, kiongozi aliyenyongwa mwaka 1906, ambaye kichwa chake wazee husimulia kilichukuliwa Ulaya. Ombi lile lilikuwa jema, na tena lilihitaji ahadi iandamane nalo. Kwani aombaye msamaha kwa moyo huuliza pia ni kitu gani kimebaki cha kurudishwa. Zakayo, Yesu alipokwisha kuingia nyumbani mwake, ndipo aliposema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Basi turudi kwa yule kijana. Mvua za kwanza zilipoanguka alionekana akipanda kilima na miche ya mipaina katika viriba, akichimba mashimo mstari kwa mstari katika shamba la mjane, ambalo majivu yake yalikuwa yamekwisha kuingia udongoni. Miti ile haitafaa kwa mbao mpaka miaka mingi ipite, na yamkini mama hataiona ikikatwa. Angalikuwa hajasamehewa, angalipita njia nyingine asikutane naye, na shamba lingaliota magugu. Kwa kuwa amesamehewa, aweza kuyatazama aliyoyaunguza. Na mama, amwonapo kule juu na jembe, humwita ashuke ale kabla ya kumaliza.