Amana Iliyorudishwa kwa Shingo Upande

Usiku wa tarehe 14 Februari 2018, Rais Jacob Zuma wa Afrika Kusini alisimama mbele ya kamera za televisheni na, baada ya hotuba ndefu iliyowatia wasikilizaji shaka kwamba huenda akaghairi hata katika saa ile ya mwisho, akatangaza kwamba anajiuzulu papo hapo, ijapokuwa hakuafikiana na uamuzi wa chama chake cha ANC wa kumtaka aondoke. Mchana wa siku hiyo hiyo, katika mahojiano na shirika la utangazaji la taifa, alikuwa ameuliza kosa lake ni lipi, akilalamika kwamba hakuna aliyemwonyesha. Hivyo ndivyo ulivyokoma utawala wa karibu miaka 9. Na swali lile lastahili kujibiwa kwa utaratibu, kwani jibu lake halimhusu Zuma peke yake, bali lawahusu pia wote waliomkinga.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kujulishwa ANC ni nini. Wapiganaji wake walipiga kambi Kongwa. Mkutano wake mkubwa wa mwaka 1969 ulifanyika Morogoro. Na pale Mazimbu, katika ardhi iliyotolewa na Watanzania, kilijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Zuma mwenyewe alifungwa miaka 10 katika kisiwa cha Robben, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi, na hakuna mwenye insafu awezaye kumnyang'anya heshima ya mateso yale. Lakini sifa ya jana haimlipii mtu deni la leo, na ndiyo maana waliokuja kumshutumu kwa uchungu mkubwa kuliko wote hawakuwa mahasimu wa chama chake, bali wazee waliopigana pamoja naye.

Jambo lililowaudhi wananchi kwanza, kwa kuwa lilionekana kwa macho na kueleweka hata na asiyejua hesabu za serikali, lilikuwa makazi yake ya kijijini Nkandla, katika jimbo la KwaZulu-Natal. Fedha za umma zilitolewa kwa minajili ya kuimarisha usalama wa Rais. Lakini Thuli Madonsela, aliyekuwa Mlinzi wa Umma, yaani mkuu wa ofisi iliyowekwa na Katiba kuchunguza maovu ya wenye madaraka, alipotoa taarifa yake mwezi Machi 2014, alikadiria gharama zote kuwa randi milioni 246, akabainisha kwamba ndani yake yamo mambo yasiyohusiana na usalama kamwe: bwawa la kuogelea, zizi la ng'ombe, banda la kuku, ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na jengo la kupokelea wageni. Akamtaka Rais arudishe sehemu ya fedha hizo.

Hapo ndipo dola nzima ilipojitia katika kazi ya kumtetea mtu mmoja. Mwezi Mei 2015, Waziri wa Polisi, Nathi Nhleko, aliwaita waandishi wa habari, akawaeleza kwamba bwawa lile ni akiba ya maji ya kuzimia moto, na kwa hiyo ni sehemu ya usalama. Kisha akawaonyesha picha za video za wazimamoto wakivuta maji kutoka bwawani kwa mipira, huku yeye mwenyewe akijipangusa jasho usoni mara kwa mara. Hitimisho lake lilikuwa kwamba Rais hadaiwi hata senti. Raia wasio na maji ya bomba majumbani mwao waliyatazama hayo, na fedheha waliyoisikia ilikuwa nzito kuliko hesabu yoyote ya randi, maana aliyeiba huweza kusamehewa, lakini si rahisi kumsamehe anayekufanya mjinga mbele ya watoto wako.

Vyama vya upinzani vya EFF na DA vililipeleka shauri mahakamani, na tarehe 31 Machi 2016 majaji 11 wa Mahakama ya Katiba, kwa sauti moja iliyosomwa na Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng, walihukumu kwamba Rais alishindwa kuilinda na kuitetea Katiba aliyoiapia, na kwamba Bunge nalo lilikosa kwa kuidharau amri ya Mlinzi wa Umma. Katika nchi nyingi hukumu ya namna hiyo ingetosha kumwondoa kiongozi kabla ya jua kuchwa. Zuma aliomba radhi kwa usumbufu uliotokea, akabaki Ikulu; siku chache baadaye wabunge wa chama chake walio wengi wakaiangusha hoja ya kumwondoa, naye baadaye mwaka huo akalipa randi milioni 7.8 zilizokadiriwa na Hazina.

Wakati huo huo kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Ndugu watatu wa ukoo wa Gupta, wafanyabiashara wenye asili ya India, walikuwa wamekaribia mno mlango wa Rais, hata mwaka 2013 ndege iliyoleta wageni wao wa arusi ikaruhusiwa kutua katika kituo cha jeshi cha Waterkloof. Mwezi Machi 2016, Naibu Waziri wa Fedha, Mcebisi Jonas, alitangaza hadharani kwamba akina Gupta ndio waliomwahidi uwaziri kamili wa wizara hiyo, naye akakataa. Miezi michache kabla yake, Rais alikuwa amemwachisha kazi Waziri wa Fedha Nhlanhla Nene na kumweka mbunge asiyejulikana sana, ambaye, thamani ya randi ilipoporomoka, alidumu siku 4 tu. Ikawa dhahiri shahiri kwa mwananchi kwamba hasira yake si ya mambo ya wakubwa peke yao: bei ya mkate na nauli ya basi zilikuwa zikiamuliwa na yale yaliyonong'onwa katika jumba la akina Gupta kitongojini Saxonwold. Zuma na akina Gupta waliyakana hayo yote. Lakini tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Raymond Zondo, katika taarifa zake za mwaka 2022, haikuwaamini.

Tarehe 29 Machi 2017 alizikwa Johannesburg, kwa taratibu za Kiislamu, mzee Ahmed Kathrada, aliyefungwa miaka 26 pamoja na Nelson Mandela na wenzao. Mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake mzee huyo alikuwa amemwandikia Rais barua ya upole na staha, akimsihi ajiuzulu, na barua haikujibiwa. Zuma hakuhudhuria mazishi, kwa kuheshimu matakwa ya familia. Na pale makaburini Kgalema Motlanthe, aliyewahi kuwa rais, alisimama akaisoma barua ile mbele ya waombolezaji, nao wakamshangilia kwa makofi marefu. Chama kilisutwa na wazee wake wenyewe, katika mahali ambapo hapana awezaye kumtuhumu msemaji kwamba anatafuta cheo. Siku mbili baadaye, nchi iliamka na kukuta Rais amemfukuza Waziri wa Fedha Pravin Gordhan, na katika juma lililofuata maelfu ya watu wakaingia barabarani.

Lakini ghadhabu ya barabarani, hata iwe kubwa namna gani, haiandiki barua ya kujiuzulu. Kwa mujibu wa Katiba ya Afrika Kusini, Rais huchaguliwa na Bunge, na Bunge hilo hilo laweza kumwondoa kwa wingi wa kawaida wa kura za kutokuwa na imani; kwa hiyo ufunguo ulikuwa mikononi mwa wabunge wa ANC tangu mwanzo. Tarehe 8 Agosti 2017 walipewa nafasi ya kupiga kura ya siri, na hata hivyo Zuma alipona kwa kura 198 dhidi ya 177. Hali ilibadilika Desemba, pale Cyril Ramaphosa alipochaguliwa kuongoza chama kwa kura 2,440 dhidi ya 2,261 za Nkosazana Dlamini-Zuma, na wakubwa wa chama wakaanza kuuogopa uchaguzi wa 2019 kuliko walivyomwogopa Rais. Mwezi Februari wakamwagiza aondoke. Akaomba apewe miezi kadhaa. Wakakataa, wakapanga kuungana na upinzani kumwangusha bungeni kesho yake. Ndipo alipong'atuka. Thabo Mbeki, aliyeagizwa vivyo hivyo mwezi Septemba 2008 na chama ambacho wakati ule kiliongozwa na Zuma, alilitangazia taifa kujiuzulu kwake siku ya pili yake.

Sisi nasi tuna kipimo chetu. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani wa Tanzania kwa sababu ya vifo vya mahabusu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mkoa wa Shinyanga, ilhali hakuna aliyedai kwamba yeye mwenyewe aliinua mkono juu ya mtu. Alitambua kwamba mwenye dhamana hujibu hata kwa yale yaliyofanywa chini ya kivuli chake. Na miaka 8 baadaye wananchi wakamkabidhi urais.

Basi jibu la swali la Zuma ni hili: kosa lake lilikuwa kuichukua amana kama milki, na kosa la chama chake lilikuwa kumsaidia kuamini hivyo mpaka maslahi yao yalipotofautiana. Deni lenyewe lililipwa baadaye, na kwa riba. Mwaka 2021, Zuma alipofungwa kwa kuidharau mahakama, ghasia zilizozuka ziliua watu zaidi ya 300. Na katika uchaguzi wa Mei 2024 chama kipya cha MK, akiwa yeye ndiye kinara wake, kikapata karibu asilimia 15 ya kura, nacho ANC kikashuka chini ya nusu kwa mara ya kwanza tangu 1994. Wabunge 198 waliomwokoa Agosti 2017 walidhani wanakihifadhi chama, kumbe walikuwa wakikibomoa. Kwa hiyo mwananchi yeyote anayechukizwa na mwenendo wa mkuu wa nchi, popote alipo, asiishie kumlaani mkuu huyo. Na amuulize mbunge wake, kwa jina na mbele ya watu, alipiga kura gani siku ile hoja ilipowekwa mezani, na jibu atakalopewa alikumbuke siku ya uchaguzi.