Nachiketa Nyumbani kwa Mauti

Sogeeni, wanangu. Leo nawapeleka India ya kale, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwa kijana aliyeitwa Nachiketa. Kisa chake kimo katika Katha Upanishad, maandiko ya Wahindu yaliyotungwa kwa Kisanskriti. Katika visa vyote vya wanafunzi na walimu wao nakipenda hiki zaidi, kwa kuwa mwanafunzi alikuwa bado mtoto, na mwalimu wake alikuwa Mauti mwenyewe.

Baba yake, Vajashravasa, alikuwa anatoa sadaka kubwa. Desturi ya sadaka ile ilimtaka mtu atoe kila alichonacho, naye mzee alitumaini kuvuna thawabu. Nachiketa akawatazama ng'ombe wakipitishwa: wakongwe, maziwa yamekatika, uzazi umekwisha. Moyo ukamuuma. Baba anatoa asichokihitaji, na hii ndiyo sadaka? Kama kweli ni kutoa kila kitu, basi hata mwana yumo. Akamwendea, akauliza, "Baba, na mimi utanitoa kwa nani?" Mzee kimya. Akauliza tena, na tena. Mara ya tatu baba akapandwa na hasira, akasema atamtoa kwa Mauti.

Neno likawa limeshatoka. Nachiketa hakutaka baba yake aonekane mtu wa kusema asilotenda, akafunga safari hadi nyumbani kwa Yama, mungu wa mauti. Akamkosa. Akamngoja siku tatu, usiku na mchana, bila kutia kitu kinywani.

Yama aliporudi alishtuka. Mgeni kulala njaa nyumbani kwako ni aibu, hilo mnalijua wenyewe. Kwa watu wa Nachiketa lilikuwa zaidi ya aibu, maana waliamini mgeni wa namna hiyo huondoka na baraka zote za mwenye nyumba. Yama akamtaka radhi, akamwambia aombe mambo matatu, moja kwa kila usiku aliokaa na njaa.

Kwanza aliomba hasira ya baba yake itulie, na siku atakaporudi apokewe kwa furaha. Hebu lifikirini hilo. Mzazi amemtupia neno zito kiasi kile, na haja yake ya kwanza ni amani ya mzazi huyo huyo. Pili aliomba kufundishwa moto wa ibada unaomfikisha mtu peponi. Yama akamfundisha, hata idadi ya matofali na namna ya kuyapanga. Kijana akayarudia yote kama alivyoyasikia, na Yama kwa furaha akaupa moto ule jina la Nachiketa.

Jambo la tatu ndilo lililokuwa zito. Alitaka kujua kama mtu akishakufa kuna chochote chake kinachobaki, maana huko duniani watu walibishana. Yama akalikwepa. Alisema swali hilo liliwasumbua hata miungu, heri aombe jingine. Nachiketa akajibu kwamba likiwa gumu hivyo, ni nani wa kulifundisha kama si Mauti? Ndipo Yama akafungua hazina: watoto na wajukuu wa kuishi miaka 100, makundi ya ng'ombe, tembo, farasi, dhahabu, ardhi pana, wasichana warembo na ala zao za muziki, na umri mrefu kadiri atakavyo mwenyewe.

Tazameni, vingi kati ya hivyo watu wema huviomba kila siku. Hapo ndipo ugumu ulipo. Anayekwenda kwa mwalimu wa roho hapotezwi na uovu peke yake. Ametoka kwao akiutafuta ukweli. Akifika anapewa nafasi ya kukaa karibu na mwalimu, anaombewa, biashara yake inastawi, watu wanaanza kumheshimu. Anarudi nyumbani ameridhika, na lile swali lililomtoa kwao halikumbuki tena.

Nachiketa alilikumbuka. Akavirudisha vyote kwa mwenyewe. Raha hizo, alisema, huuchosha mwili kisha zikaisha. Na umri uwe mrefu vipi, mwisho wake u mikononi mwa huyo anayeugawa. Naamini nyumbani kwao palishamfunza kitu: alikwisha kuona ibada ikitimizwa hatua kwa hatua huku lengo lake limesahaulika, na ng'ombe wakongwe ndio ushahidi.

Hapo Yama akakubali kufundisha. Akaanza na njia mbili zinazomjia kila mtu, ya lililo jema na ya linalopendeza, na jinsi wengi wanavyoifuata ya pili. Akamweleza kwamba mwili ni gari, akili ndiyo dereva, nia ni hatamu, na milango ya fahamu ni farasi. Aliyemo ndani ya gari ni nafsi, isiyozaliwa wala kufa. Na katikati ya somo, Mauti, aliyekuwa amejaribu kila njia kumtoa kijana kwenye swali lake, akasema anatamani apate waulizaji wengine kama Nachiketa.