Samadi inapogeuka kuwa sumu

Katika jimbo moja la Marekani, majirani wa mashamba makubwa ya nguruwe walilazimika kwenda kortini ili wapate kuanika nguo nje na kuvuta hewa safi. Kisa chao kina funzo kwetu pia.

UKIMWAMBIA mkulima wa Kiambu au Murang'a kwamba samadi ni balaa, atakucheka. Yeye hulipa pesa zake kuletewa lori zima la samadi kutoka Kajiado, na likifika huita watoto wote waje kusaidia kuipakua. Anajua kwamba bila samadi sukumawiki haitanawiri wala kahawa haitazaa.

Lakini mali ikirundikana mno mahali pamoja huweza kuwa mzigo. Hayo ndiyo yaliyowafika wakazi wa sehemu ya mashariki ya North Carolina, jimbo lililo kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki. Huko kinyesi cha nguruwe kimechafua mito, kimeua samaki na kimewafanya watu wajifungie majumbani mwao hata siku za joto kali.

Nguruwe wengi kuliko watu

Zamani ufugaji wa nguruwe katika jimbo hilo haukuwa tofauti sana na ule tuujuao hapa kwetu. Mkulima alikuwa na tumbaku yake, mahindi kidogo na nguruwe wachache nyuma ya nyumba. Samadi ilirudi shambani, na mambo yakaishia hapo.

Katika miaka ya 1980 kampuni kubwa ziliingia kwa kishindo. Kati ya 1987 na 1997 idadi ya nguruwe katika jimbo hilo ilipanda kutoka takriban milioni 2.6 hadi karibu milioni 10, huku maelfu ya wafugaji wadogo wakiacha kazi hiyo. Mnamo 1992 kichinjio kilifunguliwa katika mji mdogo uitwao Tar Heel, nacho kina uwezo wa kuchinja nguruwe wapatao 32,000 kwa siku moja.

Leo jimbo lina nguruwe wapatao milioni 8, na wengi wamesongamana katika kaunti chache tu. Chukua mfano wa Kaunti ya Duplin. Ina wakazi wasiofika 60,000, ilhali nguruwe wake wamekadiriwa kuwa karibu milioni 2. Ukiwagawa, kila mkazi, awe mtoto mchanga au ajuza, atapata nguruwe 30 au zaidi. Na nguruwe mmoja hutoa kinyesi mara kadhaa kuliko binadamu.

Mkataba kati ya kampuni na mkulima nao ni wa ajabu kidogo. Nguruwe ni mali ya kampuni, chakula ni cha kampuni na dawa ni za kampuni. Mkulima hubaki na mabanda, deni la benki, na kinyesi.

Bwawa la rangi ya waridi

Je, kinyesi chote hicho huenda wapi? Nguruwe hawa hawatoki nje. Hukaa ndani ya mabanda marefu ambayo sakafu zake zina mianya. Kinyesi na mkojo hudondoka kupitia mianya hiyo, kisha husukumwa kwa maji hadi kwenye bwawa kubwa la udongo lililo wazi. Bakteria waliomo ndani huoza uchafu huo, na mara nyingi hulipa bwawa rangi ya waridi ambayo mgeni anaweza kuidhania kuwa pambo.

Bwawa linapokaribia kujaa, majimaji hayo hunyonywa kwa pampu na kurushwa hewani na mitambo ya kunyunyizia, yaangukie kwenye mashamba ya nyasi. Upepo ukivuma, manyunyu hayo hayatambui mpaka. Hufika kwenye nyumba za majirani, kwenye magari yao na kwenye nguo walizoanika.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mahindi na soya wanazokula nguruwe hawa kwa kiasi kikubwa hukuzwa mbali, katika majimbo ya kati ya Marekani, na huletwa kwa treni. Virutubishi vilivyotoka katika udongo wa huko huishia North Carolina na havirudi tena, kwani samadi iliyojaa maji ni nzito na kuisafirisha ni gharama. Kila mwaka mizigo huja, na ardhi ile ile hulazimishwa kuimeza. Mmea una kiasi chake cha naitrojeni na fosforasi unachoweza kula. Kinachobaki hutafuta njia ya kwenda mtoni, kisimani au hewani.

Kinachotokea majini

Naitrojeni na fosforasi zinapoingia mtoni hufanya kazi ile ile zinayofanya shambani: hustawisha mimea. Mwani huota kwa wingi hadi maji yakawa kijani. Mwani huo unapokufa na kuoza hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Mtu anayepita huona samaki wakielea matumbo juu, asijue kwamba wamekufa kwa kukosa hewa.

Katika visima hatari ni ya aina nyingine. Naitrojeni hugeuka kuwa naitreti, kitu kisicho na rangi, ladha wala harufu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za naitreti kwa lita. Mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji yenye naitreti nyingi anaweza kupungukiwa na oksijeni mwilini, midomo na ngozi yake ikageuka samawati. Akina mama wafahamu jambo hili: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Maji yanapopungua sufuriani, naitreti iliyobaki huwa kali zaidi.

Gesi zinazoua

Hewani nako kuna mambo. Samadi inayooza ndani ya maji hutoa amonia, ile gesi inayochoma macho na pua. Hutoa methani, ambayo huchangia ongezeko la joto duniani. Hutoa pia haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai viza. Gesi hii ya mwisho ni ya hila, kwani ikizidi huiua kwanza nguvu ya kunusa. Mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe yuko mbioni kuzimia.

Mnamo Julai 2007, katika shamba moja la ng'ombe wa maziwa jimboni Virginia, baba mmoja aliingia kwenye shimo la samadi kurekebisha bomba, akaanguka. Mfanyakazi wake akaingia kumwokoa, naye akaanguka. Mke wa mwenye shamba na mabinti zao wawili wakafuata. Watu watano walikufa siku hiyo.

Bwawa lapasuka

Maafisa wa North Carolina walikuwa wakionywa kwa muda mrefu kuhusu mabwawa hayo. Mnamo Februari 1995 gazeti la The News & Observer la mji wa Raleigh lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu nguvu za wafugaji wakubwa katika siasa za jimbo na hatari za kinyesi hicho. Mwaka uliofuata makala hizo ziliipatia gazeti hilo tuzo ya Pulitzer.

Miezi minne tu baada ya makala kuchapishwa, onyo likatimia. Mnamo Juni 21, 1995, baada ya mvua kubwa, ukingo wa bwawa la shamba moja katika Kaunti ya Onslow ulibomoka. Majimaji ya samadi yapatayo lita milioni 95 yalifurika barabarani, yakapita katika mashamba ya watu na kuishia katika mto New. Kiasi hicho ni zaidi ya mara mbili ya mafuta yaliyomwagwa na meli ya Exxon Valdez huko Alaska mnamo 1989. Samaki walikufa kwa maelfu.

Mnamo 1997 jimbo lilisimamisha kwa muda ujenzi wa mashamba mapya ya aina hiyo, na 2007 likapiga marufuku kabisa mabwawa mapya. Hata hivyo, yale yaliyokuwapo yaliachwa yaendelee. Yako maelfu, na mengi yako katika nyanda za chini zinazopigwa na vimbunga kutoka baharini.

Kimbunga Floyd kilipotua Septemba 1999, mito ilivunja kingo na mabwawa kadhaa yakafunikwa na mafuriko. Nguruwe zaidi ya 20,000 walizama, pamoja na kuku na batamzinga zaidi ya milioni 2. Mnamo Septemba 2018 kilikuja Kimbunga Florence. Safari hii nguruwe waliokufa walikuwa 5,500, lakini kuku na batamzinga walifika milioni 3.4, na kwa mara nyingine maji ya mafuriko yalichanganyika na kinyesi.

Wanaoumia ni akina nani?

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huko North Carolina mambo yamekuwa kinyume: aliyechuma hakulila, bali aliwaachia majirani.

Marehemu Steve Wing, aliyekuwa mtafiti wa magonjwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, alichunguza ramani za mashamba hayo. Yeye na wenzake waligundua kwamba yamejengwa zaidi katika maeneo ya maskini na ya watu wasio Wazungu. Wengi wa majirani hao ni Wamarekani Weusi, na baadhi yao wanaishi kwenye ardhi iliyonunuliwa na babu zao baada ya utumwa kukomeshwa. Hawakuhamia penye harufu. Harufu iliwafuata kwao.

Uchunguzi mwingine wa wataalamu hao ulionyesha kwamba wanafunzi katika shule zilizofikiwa na harufu ya nguruwe waliripoti dalili za pumu zaidi kuliko wengine. Ilionekana pia kwamba shinikizo la damu la majirani lilipanda wakati uvundo ulipozidi.

Mnamo 2014 majirani zaidi ya 500 waliwasilisha kesi katika mahakama ya shirikisho dhidi ya kampuni ya Murphy-Brown, tawi la Smithfield Foods, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya Kichina. Wakulima wenyewe hawakushtakiwa. Walalamishi walieleza mambo ya kawaida ya nyumbani: hawawezi kula nje na wageni wao, hawawezi kuanika nguo, nzi wamewazidi, na malori hupita usiku yakibeba mizoga. Kampuni ilijitetea kwamba mashamba yake hufuata sheria na kwamba kesi hizo zinahatarisha riziki za watu.

Kesi tano zilisikizwa kati ya 2018 na 2019 mbele ya juri, yaani jopo la raia wa kawaida. Majirani walishinda zote. Katika kesi ya kwanza watu 10 walipewa zaidi ya dola milioni 50, na katika nyingine watu 6 wakapewa dola milioni 473.5. Sheria ya jimbo inaweka kikomo cha fidia ya kuadhibu, kwa hivyo ya kwanza ilishushwa hadi dola milioni 3.25 na ya pili hadi milioni 94. Hata wabunge wa jimbo walipitisha sheria za kuzuia kesi nyingine kama hizo. Lakini mnamo Novemba 2020 mahakama ya rufani iliunga mkono uamuzi kwamba kampuni ilikuwa na hatia, na kampuni ikakubali kumaliza kesi zilizobaki nje ya korti.

Sasa kampuni hiyo inafunika baadhi ya mabwawa ili kunasa methani na kuiuza kama nishati. Ni hatua, lakini majirani wanalalamika kwamba majimaji yanayobaki bado hunyunyizwa kama zamani.

Sisi je?

Msomaji huenda akasema hayo ni ya Marekani. Lakini miji yetu inakua, na hamu yetu ya maziwa, mayai na nyama inakua nayo. Aliyekuwa na ng'ombe wawili anafuga kumi kwenye ploti ile ile ya robo ekari, na samadi isiyo na pa kwenda husombwa na mvua hadi kwenye kijito ambacho wengine wanateka maji.

Kwa mfugaji mdogo tiba si ngumu. Rundo la samadi liwe mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko, na lifunikwe wakati wa mvua. Samadi iliyochanganywa na majani na kuachwa ipate moto hupoteza vijidudu vingi kabla ya kufika shambani. Wenye ng'ombe wa kutosha wanaweza kujenga mtambo wa gesi ya samadi, wapike kwa gesi na watumie masalio kama mbolea, mradi wawe na shamba la kuyapokea. Na mtu yeyote asiingie katika shimo la samadi, hata kama ni kumwokoa mwenzake, bila msaada wa watu wenye vifaa vya kupumulia.

Kwa mashamba makubwa, sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanzishwa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, wala si lazima athibitishe kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Majirani wa Duplin na kaunti za jirani walivumilia uvundo kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kusikizwa. Kwetu sisi wakati mzuri wa kuuliza maswali ni pale ukuta wa banda la kwanza unapoanza kujengwa: wanyama watakuwa wangapi, na kinyesi chao kitakwenda wapi?