Mwacheni mtoto ajenge stesheni ya Kosele

Likizo iliyopita nilirejea nyumbani Kosele, katika Kaunti ya Homa Bay, nikakuta ubishi mkali nyumbani kwa dada yangu. Mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Tano, alikuwa ameagizwa shuleni aunde chombo cha usafiri kwa vitu vinavyopatikana nyumbani. Wenzake wengi waliunda matatu na bodaboda. Yeye aliunda treni. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, mabehewa yalikuwa maboksi ya dawa ya meno, magurudumu yalikuwa vizibo vya soda, na reli zilikuwa mabua ya mahindi yaliyopasuliwa na kulazwa juu ya vijiti.

Lakini hakuishia hapo. Kando ya reli alijenga nyumba ndogo ya karatasi ngumu, akaandika juu yake kwa wino mwekundu: KOSELE. Mbele ya nyumba hiyo aliketisha mwanamke wa udongo mwenye kikapu cha njugu. Nyuma yake alifunga kamba ya kuanikia nguo, na mbali kidogo akaweka ng'ombe wawili. Kazi ilirudi nyumbani na maneno "Anakaribia matarajio", na chini yake mwalimu alikuwa ameongeza: "Kosele hakuna stesheni. Vitu vya ziada havikuhitajika."

"Mjomba, niviondoe?" binti huyo aliniuliza. Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ndiyo jibu langu, nami nawaomba walimu wenzangu wanivumilie.

Kwanza, haki itendeke. Mwalimu yule hakukosea katika jiografia. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mnamo Desemba 1901, ikakomea Kisumu, mji ulioitwa wakati huo Port Florence. Sisi wa upande wa kusini wa Ghuba ya Winam hatukupata hata taruma moja. Tulichopata ni meli. Kwa miaka mingi meli za shirika la reli zilitoka Kisumu zikatia nanga Kendu Bay na Homa Bay, hivi kwamba wazee wetu walifikiwa na reli kwa njia ya maji. Aidha, mwalimu mwenye darasa lililofurika na mwongozo wa kusahihishia mkononi hana nafasi ya kumhoji kila mtoto kuhusu kila kamba aliyoifunga. Hayo nayafahamu fika.

Hata hivyo, nilipoitazama stesheni ile ya karatasi nilikumbuka treni yangu mwenyewe. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na sikuwa nimewahi kuona treni ila kitabuni. Niliokota pakiti tupu za maziwa ya Nyayo, yale tuliyogawiwa shuleni bure, nikaziunganisha kwa uzi wa katani zikawa mabehewa. Baba yangu mdogo, aliyekuwa kibarua wa reli huko Kisumu, alinikuta nikiivuta uani. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kumebaki nini?" Nikamjibu kwa fahari kwamba hakujabaki kitu, treni imekwisha. Akacheka. "Mbona haina mtu? Treni isiyo na mtu ni mikebe tu." Ndipo akanisimulia habari za gadi anayesimama nyuma na bendera mbili, ya kijani na nyekundu, na za stesheni masta anayeijua saa kuliko jogoo. Siku iliyofuata nilifinyanga gadi. Kisha nikaona gadi hana wa kumpungia bendera, nikafinyanga dereva. Dereva naye akahitaji abiria, abiria wakahitaji mizigo, na mizigo ikahitaji kuku. Treni ile haikukamilika kamwe hadi mvua ilipoifuta.

Nilipokuja kuwa mtu mzima ndipo nilipogundua kwamba ugonjwa wangu ni wa ulimwengu mzima. Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wazima, wakiwamo madaktari, mahakimu na mafundi, ambao jioni hushuka katika vyumba vya chini vya nyumba zao kujenga reli ndogo juu ya meza. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza reli za kuchezea zenye vipande vinavyounganishwa na kuongezwa mnamo 1891, miaka michache kabla ya reli yetu kuanza kujengwa Mombasa. Kipimo kinachopendwa zaidi siku hizi ni cha moja kwa 87, yaani kila sentimita ya mezani ni sentimita 87 za ulimwengu.

Mwanafunzi na achukue kalamu. Toka Mombasa hadi Kisumu, kwa njia ya reli ya kwanza, ni takriban kilomita 936. Gawanya kwa 87, utapata karibu kilomita 11. Hakuna meza ya urefu huo. Chukua sasa zile injini kubwa za mvuke za daraja la 59, zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo, Mount Gelai, ingali katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Urefu wake unazidi mita 30, lakini kwa kipimo hicho ungezidi kidogo tu rula ya mwanafunzi. Kwa hiyo injini inatosha mezani ila safari yake haitoshi. Mwenye kujenga hana budi kuchagua: aweke Muhoroni au Londiani? Aweke daraja au soko? Kila anachokiweka kimemnyima nafasi ya kingine, na ndiyo maana kila kilichowekwa kina maana.

Sasa ukiwauliza watu hawa wangependa kuongeza nini, utadhani watasema treni nyingine. Wapo wasemao hivyo. Lakini aliyekaa na kazi yake miaka mingi aghalabu hutaja vitu vidogo mno: majani makavu kando ya reli, dimbwi la maji baada ya mvua, taa ya dirishani, mbwa anayelala jukwaani. Hununua injini mpya inayong'aa, kisha huipaka kutu na masizi kwa brashi nyembamba ili ionekane imefanya kazi. Wengine hutia matone ya mafuta katika bomba la injini ili itoe moshi. Huko Hamburg, Ujerumani, kuna onyesho liitwalo Miniatur Wunderland, lililofunguliwa mwaka 2001. Lina zaidi ya kilomita 16 za reli, kiasi ambacho kingetosha kuweka njia yetu yote ya Mombasa hadi Kisumu na kubakiza. Wenyewe hawajasema limekwisha. Waliongeza uwanja wa ndege mwaka 2011, wakaongeza Italia mwaka 2016, na wakaongeza Monaco mwaka 2024. Na humo nguo zimeanikwa kambani, kama zile za mpwa wangu.

Huenda msomaji akasema: hayo ni mambo ya matajiri wasio na kazi, yana faida gani kwa mtoto wa Kosele? Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT kule Marekani waliunda chama cha treni ndogo. Baadhi yao walipendezwa na mandhari, na wengine walipendezwa na nyaya zilizokuwa chini ya meza. Hawa wa nyaya waliunda mitambo ya kuongozea treni kwa kutumia vifaa vikuukuu vya simu. Walikuwa na msamiati wao, ambao mmoja wao aliuandikia kamusi mwaka 1959. Kompyuta zilipoingia chuoni, walihamia kwazo na msamiati huo huo. Neno la Kiingereza "hacker", ambalo sisi tumelipa maana ya mdukuzi, kwao lilikuwa sifa ya fundi mwenye akili ya kutengua fundo. Ujuzi mkubwa ulianza kwa vijana waliojiuliza, "Bado tuongeze nini?"

Kama mwanaisimu, niruhusiwe nirudi nyumbani kwangu, katika lugha. Kiswahili kiliipa treni jina la gari la moshi, kwa sababu moshi ndio uliotangulia kuonekana. Injini za mvuke ziliacha kazi nchini Kenya karibu na mwaka 1980. Tangu mwaka 2024, nchini Tanzania, abiria wanasafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa treni ya umeme isiyo na moshi hata chembe. Jina garimoshi bado lipo kamusini na vinywani. Lugha, kama wale wenye treni za mezani, huhifadhi kilichopotea.

Lakini lugha ina uwezo mwingine pia. Kila mwanafunzi wa sarufi anaijua hali ya -nge-: ningekuwa, tungekwenda, ingefika. Kwa silabi hiyo moja tunaweza kuzungumzia jambo lisilokuwapo bila ya kusema uongo. Nadhani hapa ndipo palipotokea kutoelewana baina ya mwalimu na mpwa wangu. Mwalimu alisoma bango lile kana kwamba limeandikwa, "Kosele kuna stesheni." Mtoto alikuwa amesema, "Kosele kungekuwa na stesheni." Na aliieleza -nge- yake kwa kina: pangekuwa na mwanamke wa njugu ambaye angepata wateja, na ng'ombe wangelazimika kuzoea honi. Huyo si mtoto aliyepotoka kutoka kwa swali. Ni mtoto aliyekwisha kufikiri reli humfanyia nini mtu anayeishi kando yake, jambo ambalo hata wapangaji wakubwa wa miradi hulisahau.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeutaja ubunifu miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Itakuwa kinaya ikiwa tutauandika ubunifu katika vitabu vya serikali kisha tuufute kwa wino mwekundu darasani. Itakuwa kinaya kubwa zaidi ikiwa mtoto atakayepewa alama za juu ni yule ambaye mzazi wake alimnunulia treni iliyokwisha kuundwa, safi, isiyo na kitu cha ziada. Mtoto huyo hakuongeza chochote kwa sababu hakukosa chochote, au tuseme hakuna aliyemuuliza anakosa nini.

Ombi langu kwa walimu ni dogo na halihitaji fedha. Mtoto anapoleta kazi ya mikono, kabla ya kuipima kwa mwongozo, aulizwe swali lile la baba yangu mdogo: kumebaki nini? Jibu lake lipewe alama. Na anapoweka kisichokuwapo, mwalimu amweleze kwa upole kwamba kwa sasa hakipo, kisha amwachie -nge- yake.

Mpwa wangu nimemwambia asiondoe kitu. Alinisikiliza, akaitazama stesheni yake, akasema kwamba usiku abiria wataanguka, kwa kuwa haina taa. Tulipoagana alikuwa akitafuta betri kuukuu ya tochi.