Risasi Nyepesi za Polima: Swali la Mzee Wetu na Jibu la Kamati

Jioni moja baada ya swala ya Isha, mtoto wa miaka saba aliingia msikitini mwetu akiwa amebeba koti la babu yake kwa mkono mmoja na bastola kwa mkono wa pili. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari pale pa kutawadhia. Mtoto alihisi mfuko mmoja ni mzito kuliko mwenzake, akatia mkono kuona kuna nini. Aliishika bastola kama mtu ashikavyo samaki aliye hai, na mdomo wa mtutu ulielekea safu ya nyuma ambako wazee walikuwa bado katika nyiradi. Mmoja wetu alimwendea taratibu, akampa mkono wa salamu, na kwa mkono mwingine akaipokea ile silaha. Ilikuwa imejaa risasi.

Babu yake ni muuza vitambaa mjini Morogoro. Leseni anayo, na hufunga duka giza likiingia akiwa na mauzo ya siku nzima mfukoni. Amewahi kuporwa njiani, kwa hiyo hatumlaumu kwa kuogopa. Radhi aliomba usiku uleule. Lakini siku tatu baadaye alifika mbele ya kamati na swali ambalo hatukulitarajia. Alikuwa amesikia kutoka kwa jamaa aliye ughaibuni kwamba ziko risasi za aina mpya, nyepesi, zilizochanganywa na polima, ambazo haziumizi kiganja chenye baridi yabisi na hazitoboi ukuta zikamfikia jirani. Akizipata kwa njia halali, alituuliza, je, hatari ya silaha yake haitakuwa imepungua kiasi cha kuruhusiwa kuingia nayo msikitini?

Sisi si mafundi wa silaha. Lakini mji wetu si mgeni wa mambo haya. Chini ya milima ya Uluguru kipo kiwanda cha Shirika la Mzinga, lililoundwa mwaka 1974, ambalo kazi yake ya asili ni kutengeneza risasi za jeshi. Huko juu milimani wazee wanalijua gobore na nguruwe pori wanaofukua mihogo usiku. Na lugha yetu yenyewe inatufundisha jambo: neno risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka mtutuni. Risasi ya kawaida ya bastola ina kichwa cha madini hayo mazito, kilichovikwa shaba. Ubunifu mpya umeyaondoa madini hayo kabisa. Unga wa shaba huchanganywa na polima, yaani plastiki ngumu, kisha mchanganyiko hutiwa katika kalibu kama zinavyotengenezwa sahani. Kampuni ya PolyCase ya jimbo la Georgia, Marekani, ilipata jina kwa vichwa vya namna hiyo, na vikauzwa pia kwa jina la Ruger.

Basi tuupime wepesi huo. Kichwa cha kawaida cha bastola ya milimita 9 kina uzito wa gramu 7.5 hivi na hutoka kwa mwendo wa takribani mita 360 kwa sekunde. Kile cha polima kina gramu 5.2 hivi, na watengenezaji wake wanasema hutoka kwa mita 440 kwa sekunde. Ukipiga hesabu utaona nguvu ya kichwa kinapofika ni karibu ileile, wala haikupungua. Kilichopungua, kwa kiasi cha asilimia 15, ni ule msukumo unaorudi kiganjani. Kwa hiyo mzee wetu alisikia kweli kuhusu baridi yabisi. Tena kuna faida nyingine ambayo hakuitaja, na kwetu sisi wenye watoto ni kubwa zaidi: vumbi la risasi ya madini hung'ang'ania nguo za mtu atokaye kwenye mazoezi ya shabaha, na madini hayo hudhuru akili ya mtoto hata yakiwa kidogo. Shaba na polima havina balaa hilo.

Lakini wepesi una gharama yake. Bastola nyingi hujipakia zenyewe kwa kutumia msukumo uleule unaorudi nyuma. Msukumo ukipungua, baadhi ya bastola hukwama baada ya risasi ya kwanza, hasa zenye springi ngumu. Vilevile kichwa chepesi chenye kasi hakipigi pale pale kinapopiga kizito. Mtu aliyefanya mazoezi kwa risasi za bei nafuu, kisha akabeba za polima, amebeba silaha asiyoijua vizuri.

La ukuta ndilo lililotukalisha muda mrefu. Baada ya mapambano ya risasi ya mwaka 1986 mjini Miami, ambamo maafisa wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo lilianza kupima risasi za bastola kwa jelatini inayofanana na nyama ya mwili, na likataka kila risasi iingie si chini ya sentimita 30. Risasi inayouzwa kwa ajili ya kujihami hulenga kukidhi kipimo hicho au kukikaribia. Sasa tujiulize: kitu chenye uwezo wa kupenya mwili wa mtu kiasi hicho kitazuiwa na mlango wa mbao? Kitazuiwa na dari la ubao mwembamba, au na ukuta wa fito na udongo? Nyumba zetu nyingi zina vyumba vinavyotazamana na ukumbi katikati; wanalala humo wapangaji, wajukuu na wageni. Maneno kwamba risasi fulani haimfikii jirani yaliandikwa na muuzaji, na muuzaji hajalala kwenye nyumba ya Swahilini.

Sheria nayo haiulizi kichwa cha risasi kina gramu ngapi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 18 na vijisehemu vyake, inampa mtu haki ya kujitetea yeye, mwenzake na mali yake, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Anayezidisha akaua ana hatia ya kuua bila kukusudia. Na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inazihesabu risasi pamoja na silaha. Haziingizwi nchini kwenye begi la jamaa anayekuja likizo. Hapa tuseme neno pembeni kwa wajane na warithi: bastola au gobore la marehemu, na risasi zake kuukuu, si fungu la mirathi la kugawana sebuleni. Lipelekwe polisi. Umoja wa Afrika umeufanya mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha, lakini hakuna haja ya kuungoja.

Katika dini yetu anayeuawa akitetea mali yake amepewa daraja ya shahidi, na hadithi hiyo ni sahihi. Wapo waliotusomea hiyo peke yake. Wanazuoni wa Kishafii, akiwemo Imam Nawawi katika Minhaj, wameweka utaratibu: mshambuliaji huzuiwa kwa jepesi kabla ya zito, anayetosha kwa ukelele hapigwi, anayetosha kwa mkono hapigwi kwa fimbo. Na ipo hadithi iliyopokelewa na Abu Musa (r.a.), kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Mshale ulioshikwa kwenye ncha haujakatazwa kuingia. Bastola iliyojaa, ndani ya koti lililotundikwa msumarini, imeshikwa wapi?

Kamati ilibishana hadi saa tano usiku. Wawili kati yetu walitaka silaha ipigwe marufuku moja kwa moja. Mmoja alisema tukifanya hivyo mzee ataporwa tena na dhima itakuwa yetu. Tulichoafikiana ni kwamba msikiti haupokei wala hautunzi silaha ya mtu, risasi ziwe za madini au za polima. Mwenye leseni aiache nyumbani katika sanduku la chuma lenye kufuli, na funguo asiziache juu ya kabati. Mauzo yawekwe kwa wakala kabla ya Magharibi. Vijana wawili wa madrasa ya jioni wamsindikize mzee anayehitaji baada ya Isha.

La kusindikizwa lilimchukiza. Alisema yeye si jeneza. Kwa wiki nzima alikwenda kuswali kwingine, na tulidhani tumempoteza. Kisha akarudi, mjukuu akiwa mbele yake na tochi. Kuhusu zile risasi za polima bado hajaamua, na hatujamuuliza tena. Lile koti tumeliona Ijumaa iliyopita. Mkewe ameushona mfuko wa ndani.