Giga zimejaa, gemu linakwama

Jioni katika Bulengera, mjini Butembo, vijana wakishamaliza shughuli za mchana, simu hugeuka kiwanja cha mpira. Mchezaji anapiga shuti, mpira unaganda. Ukianza kusogea, yeye ameshafungwa. Wengi hukimbilia kununua forfe kubwa zaidi. Inauma kuona pesa ikiteketea hivyo, kwa sababu giga hupima wingi wa data tu. Hazipunguzi hata kidogo muda wa pakiti kwenda kwenye seva na kurudi.

Sehemu ya muda huo haina dawa. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na seva ikiwa Marseille, ni zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Butembo kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 50, hata rezo iwe safi namna gani. Lakini gemu halikwamishwi na 50, wala na 150 iliyotulia. Linakwamishwa na pingi, yaani kipimo cha muda huo wa kwenda na kurudi, inayosoma 150, ghafla 1,400, kisha 150 tena. Umbali haubadiliki kati ya sekunde moja na nyingine. Kuna kitu kingine.

Mwaka 2010, Jim Gettys, mhandisi wa Bell Labs nchini Marekani, alikuwa nyumbani akinakili mafaili mtandaoni alipoona pingi yake imepita sekunde nzima. Badala ya kuilaumu kampuni na kulala, alifuatilia. Alichokuta ni foleni ya pakiti. Kumbukumbu ilikuwa imeshuka bei, na watengenezaji wa modemu na ruta wakaiweka kwa wingi ili pakiti isipotee. Kwa maelezo ya Gettys, wema huo ndio uliogeuka ugonjwa: kompyuta inayotuma hupunguza kasi pale tu inapoona pakiti imepotea. Zisipopotea, inaendelea kusukuma, na foleni inavimba.

Hesabu ya foleni hiyo inashangaza. Chukua foleni ya kilobaiti 256 kwenye njia ya kupandisha data yenye kasi ya megabiti moja kwa sekunde: ikijaa, inahitaji sekunde mbili kuisha. Sasa mtu mmoja katika parsele anatuma video kwa WhatsApp, au simu yake inahifadhi picha mtandaoni bila yeye kujua. Pakiti za video, za hadi baiti 1,500 kila moja, zinatangulia. Pakiti ya gemu, ndogo kabisa, inafika nyuma yao kama pikipiki iliyobeba barua moja nyuma ya malori mpakani Kasindi. Barabara si mbovu. Pikipiki haina pa kupita.

Kulipima jambo hili hakuhitaji fundi wa kulipwa. Piga pingi kwanza kwenye ruta yenyewe, mara nyingi 192.168.1.1. Ikiruka hapo hapo, kosa ni la Wi-Fi: kuta za tofali, au majirani waliorundikana kwenye chaneli moja ya gigahezi 2.4, ambako chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani. Sogea karibu, au hamia gigahezi 5. Ruta ikitulia, piga nje, kwa mfano 8.8.8.8, kisha mwambie mwenzako atume video. Namba ikipaa wakati huo, foleni umeiona kwa macho.

Dawa ipo, tena bila malipo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, mbinu inayoanza kutupa pakiti pale kusubiri kunapoendelea kuzidi milisekunde 5. Dave Täht, aliyefariki Aprili 2025, alitumia miaka mingi kuisambaza pamoja na wenzake, hadi ikaingia katika OpenWrt, programu huria inayowekwa hata kwenye baadhi ya ruta za bei nafuu. Ndani yake unaweka kikomo cha kupandisha data kidogo chini ya kasi halisi ya njia, ili foleni ijipange kwenye ruta yako, ambako CoDel inaisimamia. Asiye na ruta ya namna hiyo azime uhifadhi wa picha wakati wa mechi.

Yote hayo yanamsaidia mwenye ruta. Anayechezea data ya simu moja kwa moja, foleni yake inaweza kuwa kwenye mnara, na huko hana cha kubonyeza. Kampuni za simu hutangaza giga na bei. Muda wa kusubiri saa mbili usiku, mnara ukiwa umeelemewa, atauuliza wapi?