Istilahi za Tangi la Samaki: Umeme Ukatikapo

Mfasiri wa maelezo ya mitambo hukutana na sentensi nyepesi machoni lakini nzito kwa maana: umeme ukikatika, tangi la chini lisifurike. Msomaji atashangaa. Pampu imekwisha simama. Maji ya kufurika yatoka wapi?

Tangi la samaki huwekwa juu ya meza, na chini yake tangi la pili lenye chujio na pampu. Mafundi magari wangeliita sampu, kama waitavyo chombo cha oili chini ya injini. Sisi twapendelea tangi la chini, kwa kuwa jina hilo lamwonyesha msomaji mahali penyewe. Pampu hupandisha maji kwa bomba, nayo hurudi kwa kupitia ukingo wa kumwagikia. Umeme ukatikapo, maji yaliyo juu ya ukingo huo humalizikia chini. Hayo ni machache. Hatari iko katika bomba la kupandishia: ikiwa mdomo wake umezama, maji hugeuka na kurudi kwa njia ile ile mpaka hewa iufikie mdomo huo.

Hiyo ndiyo sifoni. Wengine huandika mrija, lakini mrija ni kifaa tu, na hapa pana tendo. Aliyewahi kumwona dereva akinyonya petroli kwa mpira kutoka katika pipa anaifahamu: hunyonya mara moja, kisha mafuta hujiendea yenyewe, maadamu ncha ya nje iko chini ya usawa wa mafuta na hewa haijaingia.

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Kila sentimita ya kina ni lita 6. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 10 chini ya ukingo, zitashuka lita 60 zaidi, na zikikosa nafasi zitamwagika sakafuni penye nyaya za umeme.

Dawa yake ni kutoboa kitundu katika bomba, chini kidogo ya usawa wa maji, ili hewa iingie mapema. Waingereza husema hapo sifoni "huvunjwa". Mfasiri akiwafuata neno kwa neno, fundi atatafuta nyundo! Twapendekeza kukata sifoni, na tundu lenyewe kitundu cha hewa. Kisafishwe mara kwa mara, kwani mwani hukiziba. Vali ya njia moja nayo hutumika, ila konokono mdogo aweza kuizuia isifunge. Isitegemewe peke yake.

Hatimaye pampu huzimwa kwa makusudi. Maji yakikaribia kufurika chini, hupunguzwa; kisha pampu huwashwa, na usawa wa tangi la chini ukitulia hupigwa alama. Alama hiyo tusiiite kiwango cha juu, maana umeme ukikatika maji yatapanda kuipita. Ni kikomo cha kujazia, pampu ikiwa inafanya kazi.